Siku Baba Alipomwaga Oili ya Zamani

Kuna harufu moja ikinipata mahali popote, hata nikiwa nimebeba kapu kwa kichwa, lazima nisimame kwanza. Ni harufu ya oili ya giaboksi ikiwa imeungua. Si kama oili ya injini, hiyo kila mtu anaijua. Hii iko na utamu fulani mbaya, kama sukari imesahauliwa kwa sufuria mpaka ikashika moto. Juzi nilikuwa napita kwa mafundi wa magari nyuma ya soko la Kibuye, ikanishika. Nikakaa juu ya tairi ya mtu. Kijana mmoja akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa nimerudi Obunga, mtaa wetu wa zamani hapa Kisumu, niko mtoto, Mama ako hai ameegemea mito yake, na Baba anafungua boneti.

Baba alikuwa anauza kwa duka ya Muhindi mmoja mjini, duka ya nyavu, kamba na rangi ya kupaka mashua. Alifanya hapo tangu kabla sijazaliwa. Huyo mzee wa Kihindi alipohama kwenda kwa watoto wake ng'ambo, aliuza vitu vyake vyote, na gari yake akampa Baba kwa bei ya kuagana. Ilikuwa gari ndefu, iko na mlango nyuma, rangi ya maziwa, na haikuwa na klachi. Obunga nzima ilikuja kuona hiyo maajabu. Wanaume walikuwa wanachungulia chini ya usukani wanahesabu pedali, moja, mbili, halafu wanauliza, "Na ya tatu iko wapi?" Baba anawaambia, "Hii inajibadilishia gia yenyewe. Kazi yako ni kushika usukani na kuomba Mungu." Wakaiita gari ya wavivu. Jirani yetu mmoja alikuwa akimwona Baba anapita, anapiga kelele, "Jaduong', mzee, umelala ama unaendesha?" Baba anajibu, "Nimelala! Nipishe!"

Mimi nilikuwa naipenda hiyo gari kama mtu. Ilikuwa na tabia. Asubuhi ukiiwekea gia, inakaa kwanza, inafikiria, halafu inashtuka kama mtu ameitwa kutoka usingizini, ndio inaenda. Baba hakuwa na wasiwasi. Alisema ni uzee tu, hata yeye akiamka lazima akae kwanza kwa kitanda.

Mama alizaliwa Kano, karibu na Ahero, mahali maji inaingia ndani ya nyumba mvua ikizidi. Alituambia utoto wake wote ilikuwa kubeba godoro kupeleka mahali pa juu, na kurudi, na kuanza kupaka ukuta tena. Kwa hivyo alipoolewa Asembo, watu wakamwita Nyar Kano, msichana wa Kano, na yeye akaanza kungoja kitu kimoja tu: kuwa na kwake. Si Obunga, hapo tulikuwa tunalipa kodi. Si kwa boma ya babu yangu, hapo alikuwa bibi ya mtoto wa watu. Kwake.

Wenzangu wa huku ziwani mnajua hii mambo, lakini pengine kuna anayesoma na hajui. Kwetu mwanaume anaweza kuwa na kazi, na gari, na mvi hata, na kama hajaanzisha dala yake, boma yake mwenyewe, bado anahesabiwa kama kijana wa baba yake. Na hawezi kuianzisha peke yake. Asubuhi mapema sana baba yake anamtangulia mpaka mahali penye boma itakuwa. Yeye anabeba jogoo. Kijana wake wa kwanza anabeba shoka. Na bibi yake anabeba moto. Siku hiyo hiyo wanajenga kanyumba, na usiku wanalala ndani. Bibi lazima awe hai. Akifa kabla, basi, hakuna cha kufanya, anazikwa kwa boma ya baba mkwe. Na kama hana nyumba hapo, wanamjengea moja haraka haraka kabla maiti haijaingia, kwa sababu mwanamke aliyeolewa hawezi kulazwa nje kama mgeni.

Mama aliwahi kuona hiyo. Kuna mama mwingine alikuwa anakaa mjini kama sisi, akafa, akapelekwa nyumbani. Mama alikuwa kwa hayo matanga. Aliporudi hakuvua hata kitambaa ya kichwa. Alikaa akamwambia Baba, akimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa, na sisi tukisikia, "Baba Ouma, wamemjengea ya mabati manne na fito. Hata mlango haikuwa nayo, ni shuka ilikuwa imetundikwa. Mwanamke amezaa watoto sita! Tafadhali. Msinifanyie hivyo."

Wakati huo moyo yake ilikuwa imeshaanza kuchoka. Miguu ilikuwa inafura mpaka viatu vinakataa. Kulala chini alikuwa hawezi, anakosa pumzi, kwa hivyo alilala ameegemea mito kama mtu anayengoja wageni. Hospitalini walimpa dawa na wakamwambia Baba maneno kwa mlango, na Baba akarudi akatuambia, "Wamesema ako vizuri." Wamama wa kanisa walikuwa wanakuja jioni kumwombea. Mmoja alimuuliza kama si vibaya mtu aliyeokoka kufikiria mambo ya jogoo na shoka. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Dada, Mungu mwenyewe anajua niko na nyumba kule juu. Mimi nataka na hii ya huku chini, hata kama ni ya wiki moja."

Babu yangu alikuwa ameanza kuzeeka sana, na Baba akaona wote wawili, anayeongoza na anayebeba moto, hakuna mwenye kungojwa. Siku ikapangwa. Tungeondoka Kisumu mchana, tulale kwa Babu, asubuhi waende. Mama hangeweza kufinyana na watu kwa matatu, na hangeweza kukaa wima hadi Asembo. Lakini nyuma ya ile gari, viti vikilazwa, godoro inaingia na mito yote, na mtu anaweza kuegemea vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu. Hakukuwa na nyingine.

Sasa, hii safari iko na adabu yake. Huendi kuanzisha boma na vitu vya kuokota. Baba alinunua shoka mpya, akaitia mpini mpya. Jogoo alichagua mwenyewe sokoni, mwekundu, hana kasoro hata kwa ukucha. Alimnunulia Mama leso mpya na sufuria mpya ya kubebea makaa. Halafu akaangalia gari. Akabadilisha oili ya injini, akabadilisha plagi, akanunua maji ya betri. Na siku moja kabla ya safari akaipeleka kwa Njoroge, mimi nikiwa kiti cha mbele.

Njoroge alikuwa fundi wetu, mtu wa kutoka Nyeri, aliishi Kisumu mpaka akawa anatukana kwa Kijaluo safi. Alivuta kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa kwa kidole, akanusa.

"Hii ulibadilisha lini?"

"Sijawahi. Ni ile ile ya Muhindi."

"Iko nyeusi kama kahawa ya matanga. Na imeungua." Akarudisha kijiti mahali pake polepole. "Wacha hivyo."

Baba akafikiri hakusikia vizuri. "Niache uchafu ndani?"

"Mzee, sikiliza. Ndani ya hii kitu kuna vibati vinabanana, ndio gari inasukumwa. Hizi zako zimeisha. Ule unga wao umeingia kwa oili, na huo uchafu ndio unasaidia zishikane. Nikiimwaga niweke mpya, ile mpya ni safi, inateleza. Inaweza kataa kushika kabisa."

"Inaweza, ama itakataa?"

Njoroge akakuna kichwa na spana. "Sijui. Nimeona zingine zikapona, zikawa kama mpya. Nimeona zingine hazikutoka hapo kwa geti."

Baba akazunguka gari mara moja nzima. Nakumbuka alikuwa anaigusa na kiganja, kama mtu anapapasa ng'ombe. "Njoroge, kesho naenda kuanzisha boma. Nimebadilisha kila kitu. Hata mpini. Siwezi kubeba mama yao kwa uchafu wa mtu mwingine."

"Nyinyi na mambo yenu! Boma ni ya mtu, si ya gari."

"Gari ndiyo inambeba."

"Ndio maana nakwambia usiguse!"

Walibishana mpaka wakacheka, kwa sababu walikuwa marafiki. Halafu Baba akasema kwa sauti ya chini, "Na ikinizimia njiani kwa sababu niliacha uchafu, nitamwambia nini?" Njoroge akavuta karai akaingia chini ya gari.

Mimi nilichuchumaa nikaona yote. Kwanza ikatoka nyeusi, nzito, na ile harufu. Ilimwagika muda mrefu, na Njoroge huko chini anasema, "Pole, mama, pole," kama daktari. Halafu akafungua mkebe mpya, na ile oili iliyotoka hapo ilikuwa nyekundu. Sijawahi kuambiwa kama kuna oili nyekundu. Ilikuwa nyekundu na inapitisha mwanga, kama divai ya meza ya Bwana. Moyo yangu ikaruka. Kanisani kwetu kila Jumapili tulikuwa tunaimba juu ya damu inayoosha, na mhubiri anatuambia ya zamani yakitoka, mtu anakuwa mpya. Nikaona sasa nimeelewa. Kumbe ndivyo inafanywa! Na nikaelewa kwa nini Baba anahangaika na vitu vipya: ni dawa ya Mama. Tukimaliza kuweka kila kitu mpya, na yeye atakuwa mpya. Hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo. Nilijipangia mwenyewe, na ikakaa sawa sawa kichwani.

Mkebe ulibaki na kidogo chini. Nikaingiza vidole. Tulipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja kwa Mama nikampaka mguu uliofura, kwa kifundo.

"Ni nini hii, nyathina, mtoto wangu?"

"Ni ya gari. Ni mpya."

Aliangalia mguu, akaniangalia. "Kwa hivyo mimi ni gari."

"Ndio."

"Ya otomatiki ama ya klachi?"

"Otomatiki."

"Haya. Basi nitajibadilisha mwenyewe." Akacheka, akanishika shingo akanivuta, na hakuipangusa. Alilala nayo.

Kesho yake gari iliondoka laini sana. Ile tabia ya kufikiria kwanza ilikuwa imeisha. Baba aliweka gia, ikaenda, bila kushtuka, na akageuka akamwangalia Mama nyuma na meno yote nje. "Umesikia? Umesikia hiyo?" Mama alikuwa ameegemea mito, leso mpya, sufuria miguuni. Ouma, kaka yangu mkubwa, alikuwa mbele na shoka katikati ya magoti. Mimi nilikuwa nyuma na Mama, jogoo amefungwa miguu karibu na mimi. Majirani walisimama nje na wadogo wangu, tuliokuwa tumewaachia. Yule jirani wetu akapiga kelele, "Jaduong', leo usilale!" Baba akapiga honi.

Tulipita mjini vizuri. Tulipita Kondele, tukashika barabara ya Busia, ziwa likatokea kushoto, tukafika Kisian tukaacha lami. Mbele kidogo barabara inaanza kupanda. Si mlima. Ukipita leo na gari nzuri huwezi hata kujua umepanda. Hapo ndipo injini ililia kwa nguvu, sauti ikapanda juu kabisa, na miti ya kando ikapunguza kupita, ikapunguza, ikasimama.

Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho. Injini inanguruma na sisi tumekaa tu. Baba akaondoa gia, akarudisha. Ikalia. Akazima, akangoja, akawasha. Gari ikasogea kidogo kama mtu anayetaka kuinuka kwa kiti, halafu ikaanza kurudi nyuma, akakanyaga breki. Harufu ikaingia ndani, ile ile ya kwa Njoroge, sasa moto.

"Baba Ouma, ni nini?" Mama akauliza.

"Ni kitu kidogo."

Watu wakaja, kama kawaida. Wakasukuma. Walitusukuma mpaka mahali tambarare, Baba akajaribu, ikalia tu. Mwanaume mmoja aliyekuwa na baiskeli akasema, "Weka gia ya pili tuisukume ishike!" Baba akamwambia hii haina gia ya pili ya kuwekwa na mtu, haiwashwi kwa kusukumwa. Yule mtu akashangaa. "Sasa ilisoma mpaka wapi, hii?" Wengine wakacheka. Baba akacheka pia, na jasho ilikuwa inatiririka mpaka kwa kidevu, na nilijua hacheki.

Tulingoja ipoe. Baba alijaribu tena na tena, na kila mara ilikuwa inashika kidogo kuliko mara ya kwanza. Na kuna kitu ambacho mtu wa huku anajua bila kuambiwa: mchana ukishaenda, magari yote yanatoka ziwani kuja mjini. Ni samaki. Zinapakiwa Asembo zikimbizwe Kisumu kabla hazijaharibika. Za kurudi ni asubuhi. Tuliona pikapu baada ya pikapu, zote zinatuangalia uso. Hata moja haikutokea nyuma yetu kwenda kule tulikuwa tunaenda.

Wingu likaanza kutoka upande wa ziwa. Mama alikuwa amebadilika rangi ya midomo. Pumzi ilikuwa fupi fupi. Pikapu moja ya samaki ikasimama, na mama mwenye samaki akashuka, mnene, amefunga leso mbili, akaangalia ndani ya gari yetu, akasema, "Huyu mpeleke hospitali sasa hivi. Leteni godoro tuweke juu ya masanduku."

Baba akasimama katikati ya barabara. Alikuwa anaangalia kule, halafu anaangalia huku.

"Twende mbele," Mama akasema. "Baba Ouma, nisikize. Twende mbele. Hata kwa mkokoteni wa ng'ombe. Babu ananingoja."

"Utaniangukia njiani."

"Heri nianguke nikiwa naenda."

Huyo mama wa samaki aligeuka akaangalia pembeni. Baba aliinama, akamwinua Mama na mikono miwili kama mtoto, akampeleka kwa pikapu inayorudi Kisumu.

Mama hakulia. Walipomweka juu ya masanduku, na godoro chini, na maji ya barafu inadondoka, alisema, "Basi leo mimi ni mbuta. Mkifika soko msiniuze bei ya chini." Kila mtu akacheka, hata dereva. Baba peke yake ndiye hakucheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kwa akili yangu tulikuwa tunarudi tu kutengeneza gari vizuri. Tulikuwa tumeweka oili mpya. Ilikuwa ni kungoja ifanye kazi.

Baba alitafuta gari ya kukodisha ya siku nyingine. Aliipata, akakubaliana na mwenyewe. Lakini Mama hakungoja hiyo siku. Alituacha hapo hospitalini mapema asubuhi moja, saa ile huko Asembo angekuwa anabeba moto, na Baba ameshika ule mguu wake akiukanda.

Kwa boma ya Babu, ile nyumba ya ujana ya Baba ilikuwa imeanguka zamani. Kwa hivyo ilibidi. Vijana wa kwetu walitangulia, na mabati Baba alikuwa ameweka kwa ajili ya dala mpya yakapigiliwa hapo. Asubuhi ilikuwa uwanja, alasiri ilikuwa nyumba. Tulipofika na jeneza nikaiona inang'aa na jua, mabati mapya kabisa, harufu ya miti iliyokatwa. Iko na mlango wa mbao. Baba alikuwa ameagiza iwe na mlango, hata kama watapiga misumari usiku kucha.

Na mimi nikafurahi. Naandika hii nikiwa mama mwenye watoto wakubwa, na bado mkono unakataa. Nilifurahi. Nilikuwa najua Mama amekufa, nilikuwa nimeambiwa, nilikuwa nimelia. Lakini nilipoona hiyo nyumba, nikafikiri ndiyo ile. Nikafikiri wameweza, wameanzisha, Mama amepata kwake. Nikamkimbilia nyanya yangu, mama yake Baba, aliyekuwa amekaa na wazee wa kike chini, nikamwambia kwa sauti kubwa, kwa raha yote, "Dani! Si Mama amejengewa!"

Dani akafungua mdomo, na ile sauti iliyotoka, hao wamama wengine wakaishika, ikazunguka boma yote. Nilisimama hapo sijui nimefanya nini. Shangazi mmoja akanibeba akanipeleka nyuma ya jikoni, akanipa ndizi.

Walimlaza ndani ya nyumba hiyo usiku mmoja. Kesho yake wakamzika kushoto kwa mlango, mahali pa mwanamke. Baba alisimama muda wote hajavaa kofia, na mvua.

Tuliporudi Obunga, Njoroge alikuja kutupa pole, amebeba sukari na majani. Alikuwa ameivuta gari kutoka Kisian na kuifungua mwenyewe bila kuambiwa. Alikaa na kikombe, hanywi. Mwishowe akasema, "Mzee, nataka usikie kutoka kwangu. Hiyo giaboksi ilikuwa inakufa. Niliona vibati vyake, ni chuma tupu. Hata ungeacha ile oili ya zamani, ungeenda nayo mwezi moja, miezi miwili, ikufe tu. Si wewe uliiua."

Baba aliangalia mikono yake.

"Mwezi moja," akasema. "Njoroge, mimi nilikuwa nataka siku moja."

Njoroge aliweka kikombe chini, akalia kama mtu mwenyewe amefiwa.

Shule niliacha hapo, kwa sababu kulikuwa na wadogo wangu wa kuangalia. Nilikuja kuimalizia nikiwa nimeolewa, masomo ya jioni, nikiwa nimebeba mtoto mgongoni. Na usiku nikitembea kurudi nilikuwa namuuliza Mungu juu ya hiyo oili. Sikuwa namshtaki. Namuuliza tu, kama mtoto anavyomuuliza baba: kama uchafu ndio ulikuwa umetushikilia, kwa nini hukuuacha siku moja zaidi? Bado namuuliza. Bado naenda kanisani. Hizo mbili zimekaa pamoja ndani yangu miaka hii yote na hazijawahi kufukuzana.

Wajomba na wazee walimwambia Baba aoe. Walimwambia kwa upole kwanza, baadaye kwa hasira. Bila bibi, hakuna wa kubeba moto. Bila moto, hakuna dala. Na yeye akikosa kuanzisha, vijana wake nao hawawezi kumtangulia, wamefungwa. Kaka yangu Ouma alikuwa tayari ana bibi na watoto wawili alipomfuata Baba kule Asembo kumuuliza. Mimi nilikuwa hapo, napika.

"Baba, watu wa rika langu wote wamejenga. Mimi nitajenga lini?"

Baba alikuwa anakandika ukuta. Kwa sababu alipostaafu hakubaki mjini. Alirudi akaingia kwa ile nyumba ya mabati, iliyojengwa ya usiku mmoja, akaanza kuifanya nyumba. Aliweka udongo, akaweka dirisha, akapanda maua ya manjano mbele. Watu walikuwa wanamcheka, mzee wa mvi anakaa kwa boma ya baba yake kama kijana asiyeoa. Alipangusa mikono kwa suruali.

"Ouma, nisamehe. Utajenga mkishanizika."

"Kwa nini usioe tu, hata kwa jina? Abebe moto, basi!"

"Niko na bibi," Baba akasema. "Ni mimi nilimrudisha. Sasa sitamwacha hapa peke yake."

Alikaa hapo mpaka mwisho wake, na tukamzika kulia kwa mlango. Ouma alijenga mwaka uliofuata, na kwake kuna watoto wengi na kelele nyingi, namshukuru Mungu. Ile nyumba ya wazazi wetu iko wazi. Wenyewe wakishaenda wote, nyumba hairekebishwi tena, inaachwa ianguke yenyewe, hivyo ndivyo kwetu. Nikienda naona imeinama zaidi upande wa ziwa, udongo umebanduka, na fito zinaonekana. Nasimama katikati ya makaburi mawili na mikono yangu miwili mizima, na siruhusiwi kuiegemeza hata na mti mmoja.